Homa ya siku ya 7: utumbo haukuwekewa akiba

"Lakini daktari, seli zake si mlishamrudishia?"

Binti wa mgonjwa aliuliza hivyo saa tisa usiku, baba yake akitetemeka chini ya mablanketi mawili. Joto lilikuwa nyuzi 38.6, mapigo ya moyo 118 kwa dakika, presha 92 kwa 54. Swali lake lilikuwa bora kuliko maelezo aliyokuwa amepewa wiki nzima, kwa sababu liligusa mahali ambapo hata sisi tunaohudumia wagonjwa hupapita haraka. Seli alirudishiwa, ndiyo. Za uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Za utumbo hakuna aliyeziwekea akiba.

Niseme mapema kwamba mgonjwa huyu si mtu mmoja. Nimemjenga kutokana na mwendo unaojirudia kwa wagonjwa wa aina yake, na vipimo vyake nimeviweka katika viwango ambavyo kisa kama hiki huwa navyo.

Ana miaka 58. Ana mieloma, saratani ya seli za plazma, zile zinazotengeneza kingamwili. Dawa za awali zilimpeleka vizuri, akapangiwa upandikizaji kwa kutumia seli zake mwenyewe. Utaratibu ni huu: seli shina za damu, zile zinazozaa seli nyingine za damu, huvunwa na kugandishwa, kisha mgonjwa hupewa melfalani, dawa ya kuua saratani, kwa dozi ambayo uboho hauwezi kuihimili, miligramu 200 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, halafu zile seli huyeyushwa na kurudishwa kwenye mshipa. Siku ya kurudishwa huhesabiwa kuwa siku ya 0. Chumba chote hunukia kitu kama kitunguu saumu kwa siku moja au mbili. Ni ile dawa ya kuzikinga seli zisipasuke kwenye baridi kali, inatoka na pumzi ya mgonjwa.

Wakati melfalani inaingia alipewa vipande vya barafu avinyonye. Baridi hubana mishipa midogo ya mdomoni, na kwa kuwa dawa hii haikai sana kwenye damu, kinywa hupokea kiasi kidogo. Ilifanya kazi vizuri mno, kama tutakavyoona. Siku ya 3 hamu ya chakula ikakata. Siku ya 4 akaanza kuharisha maji. Siku ya 5 alikwenda chooni mara sita, tumbo likawa linanguruma, na nyutrofili, zile seli nyeupe zinazokimbilia bakteria, zikashuka hadi 100 kwa maikrolita wakati mtu mzima mwenye afya huwa na zaidi ya 1,500. Madaktari wa zamu walichungulia kinywa chake kila asubuhi na kuandika kwenye faili: utando wa kinywa hauna vidonda.

Siku ya 7, usiku, homa.

Antibaiotiki iliingia ndani ya dakika 40. Kwa mgonjwa ambaye nyutrofili zake ziko chini ya 500, lengo ni isizidi saa moja, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Kabla ya dozi, muuguzi alichukua damu ya kuoteshwa bakteria mara mbili, chupa za kwanza kutoka kwenye katheta iliyokuwa kifuani na za pili kutoka mkononi. Ilipofika asubuhi timu ilikuwa tayari imeshapata mshitakiwa. Katheta ni mpira uliopenyezwa kwenye ngozi na kuingia hadi karibu na moyo, imekaa wiki tatu, inashikwashikwa kila siku. Ing'olewe.

Chupa zikakataa. Za katheta ziliotesha bakteria baada ya saa 10 na dakika 50, za mkononi baada ya saa 11 na dakika 5. Kama katheta ndiyo kiota, damu inayopita ndani yake hubeba bakteria wengi zaidi na chupa zake hutangulia kwa saa mbili au zaidi. Dakika 15 si chochote. Maana yake bakteria walikuwa wameenea sawasawa kwenye damu yote, wakimiminika kutoka mahali pengine. Na aliyeota alikuwa *Escherichia coli*, mkazi wa utumbo. Ngozi ingetuletea stafilokokasi. Maambukizi ya jinsi hii yalikuwa yakiandikwa kwenye hesabu ya katheta kiasi kwamba mwaka 2013 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilianzisha fungu lake la pekee: maambukizi ya damu yanayotokana na kuumia kwa utando.

Katheta ikaachwa. Sasa turudi kwenye utando wenyewe, maana hapo ndipo kisa kilipo.

Ukuta wenye unene wa seli moja

Kinachotenganisha damu na yaliyomo tumboni ni safu moja tu ya seli. Si kumi kama ngozi, ni moja, yenye kimo cha takriban sehemu ya hamsini ya milimita. Upande mmoja wa safu hiyo kuna bakteria, wengi wao kwenye utumbo mpana, ambao hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 iliwakadiria kuwa trilioni 38 kwa mwanamume wa kawaida. Upande wa pili kuna mishipa ya damu. Vitabu vingi bado vinasema utandazwapo, utumbo hujaza uwanja wa tenisi. Vipimo vipya vya mwaka 2014 vilishusha makadirio hadi karibu mita za mraba 32. Napenda namba hii ndogo kuliko ile kubwa, kwa sababu mtu anaweza kuiona akilini: ni sakafu ya sebule ya kutosha, yenye tabaka la seli moja, na inabadilishwa karibu yote kila baada ya siku tatu hadi tano.

Kwenye utumbo mwembamba safu hiyo imekunjwa kuwa vijidole vinavyochomoza, na katikati ya vijidole kuna vishimo. Sakafuni mwa kishimo ndimo zinamoishi seli shina. Zinagawanyika, watoto wao wanapanda juu ya ukuta wa kijidole, wanakomaa njiani, wanafika kileleni na kusukumwa nje wakiwa wazee wa siku chache. Wakati wa kusukumwa, seli za jirani huingia chini yake na kufunga mshono kabla haijaachia, ili pasibaki tundu. Mishono hiyo, iliyofumwa kwa protini kama klaudini, ndiyo inayoamua nini kipite kati ya seli na seli: maji na chumvi ndiyo, bakteria hapana.

Si seli zote zinazopanda. Zile za Paneth, zilizopewa jina la Josef Paneth aliyezieleza mwaka 1888, huteremka chini na kukaa bega kwa bega na seli shina. Ni walinzi na walezi kwa pamoja. Matumbo yao yamejaa chembechembe za lisozaimu na difensini, protini zinazotoboa bakteria, na papo hapo huwapa seli shina ishara za kuendelea kugawanyika. Kuna seli za ute, ambazo ukizitazama kwenye hadubini zinafanana na glasi ya mvinyo iliyojaa hadi mdomoni. Kwenye utumbo mpana ute wao hujipanga tabaka mbili, la nje likiwa makazi ya bakteria na la ndani likiwa karibu tupu. Panya walionyang'anywa jeni ya protini kuu ya ute huo hupata uvimbe wa utumbo mpana bila kuambukizwa ugonjwa wowote wa nje. Bakteria wao wenyewe, wa kila siku, wanatosha kuwaumiza wakisogea karibu.

Kuna pia seli za kishungi, chache, ambazo zikinusa minyoo hutoa ishara ya kuita kinga ya aina yake, na seli M zinazoonja vilivyomo ndani ya utumbo na kuvikabidhi kwa vituo vya kinga vilivyo chini yake. Hizo hazina nafasi kubwa kwenye kisa chetu.

Ninachotaka kukishika ni jinsi seli ya kawaida kabisa, ile ya kufyonza chakula, inavyofanya kazi ya kinga bila kusifiwa. Kwanza ni mchukuzi. Seli za plazma zilizo chini yake hutengeneza kingamwili aina ya IgA, na seli hii huipokea mgongoni, huipitisha ndani ya mwili wake na kuitoa upande wa utumbo, gramu kadhaa kwa siku, ikawafunge bakteria wasiukaribie ukuta. Pili, inajua pa kuweka kengele. Kipokezi kinachotambua mkia wa bakteria, TLR5, kwa sehemu kubwa kimewekwa upande wa chini wa seli, unaotazama damu. Bakteria akiogelea upande wa juu hakuna anayepiga kelele, maana hapo ndipo kwake. Mkia ukionekana upande wa chini, tayari ukuta umevukwa. Kengele ingewekwa upande wa juu, tungekuwa na homa maisha yetu yote.

Melfalani ilifanya nini

Melfalani huunganisha nyuzi za DNA zisiweze kuachana, kwa hiyo seli inayojaribu kugawanyika hukwama na kufa. Haiulizi kama seli hiyo ni ya saratani. Uboho hugawanyika kwa kasi, vishimo vya utumbo navyo pia. Ndani ya saa chache seli nyingi za sakafuni mwa vishimo zilianza kujiua.

Mgonjwa hakuhisi kitu. Hili linawachanganya ndugu na wakati mwingine hata wahudumu, kwamba siku ya 0 mtu anakula na kutaniana na wauguzi. Seli zilizokwisha kupanda zilikuwa nzima, zikiendelea na safari yao ya kwenda kileleni. Kilichokatika ni foleni nyuma yao. Zikaanguka za siku ya 1, zikaanguka za siku ya 2, na hakuna waliokuja kuziba. Vijidole vikafupika kama mshumaa unaowaka juu huku nta haiongezwi. Kufikia siku ya 4 eneo la kufyonza lilikuwa limepungua kiasi kwamba maji yalipita moja kwa moja, na ndiyo yale ya chooni.

Kulikuwa na kipimo ambacho kingeonyesha haya yote, na kwa mgonjwa huyu kilikuwa kikichukuliwa: sitrulini. Ni amino asidi ambayo sehemu kubwa ya ile iliyo kwenye damu hutengenezwa na seli za kufyonza za utumbo mwembamba. Seli zikiwa nyingi sitrulini iko juu, zikipungua nayo inashuka. Kabla ya melfalani ilikuwa maikromoli 38 kwa lita. Siku ya 5 ikawa 14. Asubuhi ya siku ya 7, zaidi ya saa kumi kabla ya homa, ilikuwa 6. Jibu liliingia kwenye kompyuta na kukaa.

Hapa ndipo barafu inapoingia tena kwenye habari. Timu ilitumia kinywa kama dirisha la kuangalia utumbo, na kinywa kilikuwa kimelindwa. Barafu haifiki kwenye utumbo mwembamba. Kinywa kisafi kiliwapa moyo watu ambao walipaswa kuogopa, na kwenye faili kuanzia siku ya 3 hadi ya 7 neno "utumbo" linaonekana mara mbili tu, zote zikihesabu choo.

Lakini tundu peke yake halimwangushi mtu. Hata kwa wazima bakteria wachache hupenya, na wakipenya hukutana na seli za kinga zilizo chini ya utando, kisha tezi za limfu, kisha ini, ambalo hupokea karibu damu yote itokayo kwenye utumbo na kuichuja kabla haijasambaa. Nyutrofili huja mbio pale penye upenyo. Mgonjwa huyu alipoteza ukuta na askari katika wiki moja, kwa dawa moja. Tena alianza na pungufu: mieloma hukandamiza seli nzuri za plazma, na kingamwili zake za kawaida, pamoja na IgA, zilikuwa chini hata kabla ya kulazwa.

Na alikuwa akimeza levofloksasini, antibaiotiki ya kujikinga. Ni desturi yenye faida, sina ugomvi nayo, ila ilikuwa imefagia bakteria wanaoisikia na kuwaachia nafasi wasioisikia. Maabara ilipopima, *E. coli* yule alikuwa sugu kwa levofloksasini. Si ajabu, ndiye aliyebaki.

Yaliyoamuliwa baada ya hapo

Mara mlango ulipojulikana, mambo kadhaa yalibadilika. Waliagiza picha ya tumbo ya mawimbi ya sauti. Ukuta wa mwanzo wa utumbo mpana ulikuwa milimita 3. Ukizidi 4 kwa mtu asiye na nyutrofili tunaanza kuogopa uvimbe hatari wa sehemu hiyo, ambao unaweza kutoboka. Choo kilipimwa sumu ya *Clostridioides difficile*, hakukuwa nayo, na ndipo dawa ya kupunguza kuharisha iliporuhusiwa. Muuguzi mkuu alibandika karatasi mlangoni: hakuna kipimajoto cha njia ya haja kubwa, hakuna dawa ya kuingiza huko. Ile karatasi ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Utando unaoweza kupasuka kwa kuguswa na ncha ya kioo hauguswi, basi.

Ubishi ulikuwa kwenye chakula. Mgonjwa hakutaka kula, na daktari mmoja alitaka alishwe kwa mshipa na utumbo "upumzishwe". Neno kupumzisha lina huruma ndani yake, lakini utumbo haupumziki hivyo. Seli zake hujilisha kwa sehemu kubwa na kile kinachopita juu yake. Zile za utumbo mpana hutegemea sana butireti, asidi ambayo bakteria huitengeneza kutokana na nyuzinyuzi za chakula. Utumbo usiopewa chochote hudhoofu na vijidole vyake hufupika zaidi. Walikubaliana apewe chakula cha majimaji kidogo kidogo kwa mpira mwembamba wa puani, mililita 20 kwa saa, waongeze kadiri tumbo litakavyokubali. Siku mbili za kwanza alitapika mara moja tu.

Jambo jingine ni antibaiotiki yenyewe. Ile ya usiku wa homa ilikuwa ya kuua karibu kila kitu, pamoja na bakteria wasiopenda oksijeni, ambao ndio watengenezaji wakubwa wa butireti na ndio wanaowabana wavamizi wasipate nafasi. Baada ya saa 48, jina la mdudu likiwa linajulikana na presha imetulia, walihamia kwenye dawa nyembamba zaidi ambayo maabara ilisema inamweza. Uamuzi huo unataka ujasiri mgonjwa akiwa bado hana nyutrofili, na wengi wangeahirisha. Nadhani walifanya sawa. Kuendelea kufyeka kila kitu ni kuwanyima waliobaki kwenye ukuta chakula na majirani kwa wakati mmoja.

Sindano za kuamsha uboho alikuwa akipata tangu siku ya 5. Zinaleta nyutrofili mapema, utumbo haziujui.

Basi binti alijibiwaje? Daktari wa zamu, aliyekuwa amechoka na ambaye angeweza kusema "ni maambukizi tu, mama", alivuta kiti. Akamwambia kwamba zile seli za kwenye mfuko zilikuwa za kutengeneza damu, na kwamba ndani ya utumbo wa baba yake kulikuwa na seli nyingine shina ambazo hazikuvunwa, hazikugandishwa, wala hakuna hospitali inayoziwekea akiba kwa ajili ya matibabu haya. Zilipigwa na dawa zikiwa mahali pake, na itabidi zijifufue zenyewe.

"Na kama zimekufa zote?"

Hilo nalo lilikuwa swali zuri. Seli shina za sakafuni, zile zenye alama ya Lgr5 ambazo kundi la Hans Clevers kule Utrecht lilizitambulisha mwaka 2007, zinaweza kufa karibu zote kwenye kishimo. Ila wale watoto wao walioanza kupanda, ambao tayari walikuwa wamechagua kazi, wana uwezo wa kurudi nyuma. Nafasi ya chini ikiwa wazi, wanateremka, wanaacha kazi waliyoianza na kuwa seli shina upya. Kwenye panya jambo hili limeonekana wazi mara nyingi. Uboho hurudishiwa kutoka kwenye friji, utumbo hujirudishia kutoka ngazi ya pili.

Siku ya 9 sitrulini ilikuwa 7. Moja zaidi. Hakuna aliyeandika chochote kando yake. Siku ya 10 nyutrofili zilikuwa 300, siku ya 12 zilikuwa 900, na kila mtu akapiga makofi kwa namba hiyo kwa sababu ndiyo tuliyozoea kuishangilia. Homa ilikuwa imeshakata siku ya 11. Siku ya 14 alikwenda chooni mara mbili, sitrulini 17. Alipokuja kliniki siku ya 21 ilikuwa 27. Damu yake ilikuwa imekaribia kawaida na faili lilisema "amepona", lakini alilalamika kwamba bado akila anajaa haraka na tumbo linanguruma. Daktari alimwonyesha ile safu ya namba kwenye skrini, 38, 14, 6, 7, 17, 27, akamwambia bado kumi na moja.